Pambizoni

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi,
mkono wa kulia wa mama huwa si wake,
ni wa mashine ya figo, pale hospitali, Coventry.
Hubaki na wa kushoto. Kwa huo husoma.

Kwa hiyo usiku, nikitoka zamu ghalani,
huvua buti, huwasha kompyuta
kando ya makombo ya mkate,
nikawa fundi cherehani: nakata, napinda, naunga.

Vitabu vya marehemu baba nilivipiga picha,
kompyuta ikavisoma kama mtoto wa chekechea:
“mama” ikaona “rnarna”,
ng’ombe wote wakaingia zizini bila ritifaa,
nambari ya ukurasa ikakaa katikati ya sentensi
kama mgeni aliyekosea mlango.
Mwanzo nilimpa hivyo hivyo, vibichi.
Hakulalamika.

Mwaka ukapita ndipo nikaona haya.
Faili zilikuwa kitabu1, kitabu1mpya,
kitabu1mpyakabisa, hiindiyoyenyewe.
Nikazipa majina ya kikristo na ya kiislamu,
nikaandika yaliyomo: ukigusa sura ya saba,
sura ya saba inaitika.
Herufi nikazinenepesha kwa ajili ya mtoto wa jicho,
pa kufunulia ukurasa nikapahamishia kushoto,
chini ya kidole gumba.

Na takataka nikazifuta.
Maana katikati ya aya, ghafla:
*Uongo huu.*
*Muulize Shekue.*
*Hapa nimecheka.*
Penseli ya pambizoni; kompyuta haina adabu,
iliichanganya na wino wa mwandishi.
Nikafagia yote. Laini kama uji wa mgonjwa.

Jumamosi mama alisoma, akasoma, akavua miwani.
Muuguzi Bronagh akaja mbio, akidhani presha imeshuka.
“Kimenyooka,” mama akaniambia. “Hongera.
Ila baba yako umempeleka wapi?”

Nilidhani anaweweseka.

“Alikuwa ananikatiza kila ukurasa.
Mwaka mzima namwambia anyamaze.”

Usiku ule nilifungua faili ya zamani, ile mbovu,
nikamrudisha neno kwa neno,
nikampa herufi za mlazo
na nafasi kidogo ya kukaa.

*Hapa nimecheka.*
Nimeirudia sentensi iliyo juu yake mara tano.
Inahusu bei ya misumari.