Mengineyo

Ofisi yetu hapa Sohar ina kiyoyozi kinachokoroma
na sajili ya wanaotafuta kazi.
Aliyeiunda, Mungu amsamehe,
aliijengea vyumba sitini vya fani,
kisha nyuma kabisa, kama stoo ya uani,
akaongeza kimoja: ukhra.
Bibi yangu angekiita mengineyo.

Humo wamo elfu nne na mia mbili na kumi.
Mwajiri akiuliza, kompyuta haiingii humo.
Hugonga milango sitini, hurudi mikono mitupu,
husema: hakuna.
Basi mwajiri huandika barua, vijana wa hapa hawapatikani,
na kijana humwambia mamake, kazi hazipatikani,
na wote wawili wanasema kweli.
Hapo ndipo panaponichoma.

Mtafutaji hachoki, alikuwa akisema bibi,
akichoka keshapata.
Bibi hakuliona faili hili.

Nilianza Ramadhani, saa zile ofisi inapopwaya,
simu sikioni, penseli ya mtoto wangu mkononi.
Siulizi, una cheti gani?
Nauliza, mikono yako inajua nini?
Wengi hukata, wakinidhania tapeli.
Mmoja alilia, nikamsubiri.
Ghaniya wa Saham akanijibu:
"Najua kukadiria shehena kwa macho, mwanangu,
ila fomu yenu haina macho."
Nikayaandika pembeni, neno kwa neno.

Leo Mfungo Tatu, zamu ya Azzan bin Sleyum.
Miaka ishirini na saba. Alisomea majokofu,
akapasi vizuri tu.
Siku ya kumsajili karani alikuwa na haraka,
na karani huyo, nisifiche, ni mimi.

Nyuma yangu ukutani lipo tangazo la ghala la samaki, bandarini:
anatafutwa fundi wa majokofu.
Miezi tisa. Karatasi imeanza kujikunja ncha.

"Uko wapi, Azzan?"
"Bandarini, nje ya ghala la samaki.
Namsubiri meneja ashuke achukue biriani yake."
"Humpelekea mara nyingi?"
"Jumatatu na Jumatano. Mwaka sasa."

Nikanyamaza. Kiyoyozi kikakoroma.
Mwaka mzima wanapeana mfuko wa moto mkono kwa mkono,
huyu akilalamika samaki wanaoza,
huyu akilipa mkopo wa gari,
shukrani, karibu, lango likifungwa,
na kati yao neno moja
nililoliandika mimi, nikiwa na haraka.

"Akishuka," nikasema, "usimpe chakula kwanza.
Mwambie ulichosomea."
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Atanisikiliza?"

Sijui. Labda ana mpwa wake anayemngojea.
Labda atatazama saa, atatazama biriani.
Jambo hilo halina chumba katika sajili yoyote.
Nikasikia lango likiburuzwa,
sauti ya mtu akisema, "Ahlan, umechelewa,"
na simu ikakatika.

Nikafuta ukhra. Nikaandika majokofu.
Imebaki elfu nne na mia mbili na tisa.
Ghaniya bado sijampatia chumba,
nimeomba kijengwe, wamesema wataunda kamati.

Nambari inayofuata inaita.
Inaita.