Nasaba Ndogo Ndogo

Saa tano usiku, Langoni, bando huwa nafuu.
Nakaa dakani, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai,
na mwalimu wa chuo cha mbali, asiyejua jina langu,
ananichorea ngazi iliyosokotwa kama kamba ya usumba.
Video inakwama. Mdomo wake umebaki wazi.
Punda wa jirani anamalizia sentensi.

Wiki ya kwanza nilitafuta neno kamusini:
vinasaba. Nikacheka peke yangu.
Nasaba! Kwetu hiyo ni kazi ya mabibi,
fulani bin fulani hadi babu aliyeshuka pwani na kofia moja,
husomwa kabla ya posa, kama bei.
Kumbe kuna nyingine, ndogo ndogo,
isiyojua cheo, wala haihesabu kwa baba tu:
nusu ameandika mama.

Wiki ya tatu, mraba wenye vyumba vinne.
Niliuchora nyuma ya risiti ya dawa za Twalibu.
Mimi juu, Famau ubavuni.
Chumba kimoja salama.
Viwili vimebeba, kimya, kama sisi.
Cha nne ni Twalibu, anayelilia magoti usiku wa kipupwe,
ambaye mavyaa alisema nilimtoa nje bila hirizi.

Nikarudia hesabu mara tatu.
Kila mimba ni bahati mpya, alisema mwalimu,
chumba hakikumbuki nani alilala jana.
Miaka tisa nimebeba lawama nzima.
Mraba ukaikata katikati
bila kumtukana mtu.

Jumamosi wifi akaja na sinia ya halua,
anamposea Shebwana wake binti yangu Mwanasiti.
"Damu moja," akasema, "ya nini kwenda mbali?"
Mavyaa akadakia: "Kwetu hakuna uwele."
Nikala kipande kimoja kwanza. Kisha nikasema:
wapimwe. Wote wawili. Kabla ya mahari.

Nzi akatua kwenye halua, hakuna aliyemfukuza.
Nikaileta risiti.
Mavyaa akaweka kidole chumba cha nne.
"Na huyu?"
"Huyo ndiye Twalibu."
Kidole hakikuondoka.

Masomo ni bure, cheti ni elfu saba. Sikununua.

Leo alfajiri, uji haujachemka,
mavyaa amenibishia mlango, buibui tayari kichwani:
"Nipeleke nami nikapimwe.
Nataka kujua ni mimi
au ni marehemu."