Nafasi ya Vidole Viwili

Saa kumi na mbili na robo, Gombani, umande bado.
Trekta la baraza limesimama mlangoni mwa uwanja
kama ng'ombe aliyekataa kamba.
Jana lilipoinua mashine ya kukatia majani
magurudumu ya mbele yakanyanyuka,
Shaame akakata usukani, usukani ukazunguka bure,
trekta likateremka lilivyotaka lenyewe
hadi uani kwa Bi Time, ndani ya mihogo.

"Mkia umeshinda kichwa," alisema Bi Time.
Akahesabu mashina: kumi na mawili.
Hakusema zaidi.

Leo nimelala chali juu ya gunia,
spana ya ishirini na nne kifuani.
Mechi ni kesho alasiri, majani yamefika kwenye vifundo.
Shaame ananiita "binti Khatibu."
Neno fundi bado limemkwama kooni.

Mashine hii haikuzaliwa na trekta hili.
Ilishuka kwenye kontena, matundu ya pini
yakiwa juu kwa upana wa kiganja,
na mkono wa kulia wa trekta umepinda
tangu ule mwaka wa matope ya mpunga kule Ole.

Nauzungusha. Mara nne, mara tano, kutu inalia.
Mwache wa Bi Time kanishikia mpira wa maji,
ule wa waashi, maji yametiwa buluu ya kufulia.
"Huku yako juu."
"Kiasi gani?"
"Unene wa shilingi."
Nazungusha nusu. Anafumba jicho moja.
"Sasa yamelala."

Minyororo ya pembeni naikaza,
mashine isichezeshe nyonga kwenye mteremko,
maana ikiyumba shafti hugonga,
na shafti ikishagonga haina samahani.

Halafu mkono wa juu.
Hapa baba alikuwa akizima redio.
Karakana nzima ya Machomane ilijua:
redio ikizimwa, usimuulize kitu.
Ukiukaza, visu vinakuwa na kiburi.
Uwanja una vichuguu, una mashimo ya visigino vya makipa,
na mashine iliyokazwa haiinamii mtu:
itanyoa kichuguu hadi udongo mwekundu,
itapita juu ya shimo kama haikuliona.
Ukiulegeza, inaifuata ardhi vizuri, bonde kwa bonde,
lakini siku ya kuinua, mkia unaburura.

Basi nimeung'oa. Mahali pake nimetia mnyororo.
Mnyororo unajua kuvuta, haujui kusukuma.
Mashine ikiwa chini, nauachia nafasi ya vidole viwili,
vyangu, si vya Shaame,
vyake vinene, vingeniharibia hesabu.

Mbele hatuna vyuma vya uzito.
Tuna mawe ya mizani ya kituo cha karafuu,
kile kilichofungwa: manane, ya kilo ishirini ishirini.
Miaka yote hiyo yalipima jasho la watu,
na watu waliyanung'unikia.
Nimeyafunga kwenye bampa kwa waya.
Bado yananukia karafuu ukiyasogelea,
au pua yangu tu inakumbuka.

Nachukua kikonyo kikavu,
nakilaza penye tairi la mbele, Shaame analisogeza juu yake.
"Mwache, shika ncha. Gurudumu likinyanyuka, vuta."
Shaame anagusa lever.
Haidroliki inaguna, mnyororo unanyooka,
mashine inapanda, kwanza pua, kisha mkia,
pole pole kama mtu anayesimama na mtungi.
Mwache anavuta.
Anavuta tena, kwa mikono miwili.
Kikonyo kinakatika. Nusu mkononi mwake,
nusu chini ya tairi.

"Niteremshe, niinue tena?" Shaame ananiuliza.
Ananiuliza mimi.
"Inua mara tatu. Usikimbize injini."

Jua limepanda wakati trekta linaingia uwanjani,
likikata kona, usukani ukiitika.
Bi Time yuko mbele ya mihogo iliyobaki, jembe begani,
na hakuondoka hapo
mpaka sauti ilipofika goli la pili.