Toroli Namba Saba

Fomu ya ofisi ya manunuzi ina mstari mmoja tu:
Gurudumu. Idadi. Bei.
Nimeandika nne. Bei nimeiacha wazi,
nikalala chali chini ya toroli namba saba,
tochi mdomoni, baridi ya sakafu ikinipanda mgongoni.

Hapa Gyumri hospitali yetu ni ya mawe meusi,
na korido ya ghorofa ya tatu imevaa viraka vya enzi tatu:
vigae vya kale, saruji iliyomwagwa haraka baada ya tetemeko,
kisha ule mpira wa kijani wa wafadhili,
laini kama ulimi wa ndama.
Gurudumu linalopatana na kimoja hugombana na vingine.

Nailoni haichoki, na bei yake haimtishi mtu,
lakini usiku, juu ya vigae,
ni debe la misumari lililomwagika ngazini.
Vardush, muuguzi wa zamu, alihesabu:
kila akipita na mashine ya moyo huamka watoto watano,
na mmoja wao, Narek,
aliyeusaka usingizi tangu saa mbili,
huanza kuusaka upya.

Mpira mweusi ni mpole ila huchora mistari,
na wafagiaji hunitajia mama yangu.
Ulio laini mno nao hulemewa:
mashine ya kilo tisini ikiegeshwa Ijumaa,
Jumatatu gurudumu lina bapa upande mmoja,
linachechemea kama mdeni anayeitwa.

Na udogo. Niseme kuhusu udogo.
Lifti na sakafu yetu havijawahi kupatana,
kati yao pana ufa wa vidole viwili.
Mwezi wa pili gurudumu la mbele liliingia humo
likakataa kutoka,
na chumba cha mwisho Bibi Satenik anahema kama mvukuto.
Vardush na dereva wa ambulensi waliibeba toroli mikononi.
Mimi nilikuwa nyumbani, nimelala.
Bibi alipona.
Mimi bado.

Leo nimelegeza nati ya nyuma.
Kuzunguka ekseli, nywele:
nyeusi, za mvi, moja nyekundu ya hina,
na uzi wa bandeji, vyote vimesokotana kamba moja.
Watu wasiojuana hata kwa salamu,
wamefungana humu gizani, wamelivunja beringi.
Nimezikata kwa wembe.
Sikuweza kuzitupa; ziko kwenye gazeti,
droo ya spana.

Basi, Bwana Ruben,
kwa kuwa fomu yako ni finyu, naandika nyuma yake:
kipenyo milimita mia moja ishirini na tano, ufa usilimeze.
Kijivu, lisiloacha alama,
si gumu si laini, mfano wa kisigino
cha mtu aliyezoea kutembea pekupeku.
Beringi zenye vifuniko, nywele zibaki vichwani.
Breki za mguu, maana mikono ya muuguzi ina kazi.
Yote manne yageuke, vitanda vyetu vimebanana;
ila moja liweze kufungwa lielekee mbele tu:
kila msafara unahitaji mkaidi mmoja.
Utasema ni ghali.
Sijui usingizi wa mtoto ni dramu ngapi.

Yalifika matatu.
La nne, wakasema, lisubiri bajeti.
Nikakataa kuyafunga; toroli haina mguu wa kambo.
Tulisubiri wiki tano, Vardush akininunia.

Jana usiku nimeketi kwenye benchi la korido
nikiingojea ile kelele.
Vardush akatokea lifti, akavuka ufa,
vigae, saruji, kijani,
akanipita na mashine yake bila neno.
Nikasikia saa ya ukutani.
Miaka kumi na moja nafanya kazi hapa,
nilidhani imekufa.