Chekecheke

Saa nane za usiku, Disemba, mji wa Võru umelala chini ya theluji
na Vaike Lepasaar analinda tanuri linalopasha mabomba ya watu joto,
macho kwenye geji, kidole kwenye kibodi.

Ukurasa ni wa Kilimia.
Kwao kundi hilo huitwa Chekecheke,
maana bibi zao walitazama juu
wakaona matundu ya kuchekechea unga wa shayiri.

Nani kaandika mia tatu na tisini?
Jana hapa palikuwa na mia nne arobaini na nne,
miaka ya nuru, na tanbihi zake mbili.
Anarudisha. Anapuliza kahawa.
Mtu asiyemjua, anayejiita Kisiki, anabadilisha tena:
"Setilaiti imepima. Wewe umepima kwa nini?"

Swali la haki.
Yeye ana darubini ya mkononi na cheti cha ufundi boila.
Lakini hata setilaiti iliteleza;
wengine walipima upya wakaikuta imeivuta nyota karibu.
Nambari zote mbili zimewahi kutetewa na wenye shahada,
na katikati yake kuna miaka hamsini na minne:
umri wote wa mama yake, tangu kitovu hadi kaburi.

Basi wakaandikiana, usiku huo na wa pili, hawajuani sura,
mpaka ikazaliwa aya moja, ngumu kama mkate wa juzi:
huyu alipata hivi, yule alipata vile, na sababu yadhaniwa ni hii.
Hakuna aliyeshinda.
Inasomeka.

Alhamisi mtoto wa shule huko Valga
aliandika kwamba Kilimia kiko nyuma ya ghala la babu Endel.
Ilidumu dakika nne.
Vaike alicheka, akafuta, kisha akajuta kidogo,
kwani kwa aliyesimama dirishani pa mtoto yule
huenda ni kweli tupu.

Hayo siyo yanayomnyima usingizi.
Uongo wenye makelele hukamatwa mlangoni.
Ila kuna nyota moja hafifu, haina jina, ina nambari tu,
ukurasa wake hutembelewa na watu watatu kwa mwezi.
Miaka sita iliyopita, akiwa na homa,
yeye mwenyewe aliandika "miaka ya nuru" palipotakiwa "parseki".
Neno moja.
Nyota ikasogea karibu zaidi ya mara tatu
na mbingu haikulalamika.

Juzi kafungua kitabu kipya cha darasa la tisa,
jalada gumu, wino bado wanukia,
na kosa lake limekaa humo, limevaa koti na tai.
Akakimbilia ukurasani: mtu mwema kaongeza tanbihi.
Chanzo, kitabu kilekile.
Mwizi kawa shahidi, shahidi kawa hakimu.

Akasahihisha. Penye sababu akaandika: kosa langu.
Roboti ikamrudisha kwa adabu, kabla hajainua kikombe:
mabadiliko yako hayana chanzo.

Penye wengi pana mengi,
na mengine ni ya mmoja aliyekuwa na homa.

Anasukuma mlango wa chuma, anatoka.
Baridi ni digrii kumi na tisa chini ya sifuri, pua inauma.
Magharibi ya bomba la moshi Chekecheke limetundikwa.
Anahesabu. Sita.
Anafuta miwani, anahesabu tena. Sita.
Watu wote husema saba. Yeye mwenyewe kaandika saba,
na hana chanzo cha sita
ila macho haya ya miaka sitini na moja.

Geji inalia. Anarudi ndani,
anavua glavu kwa meno,
anafungua ukurasa wa nyota isiyo na jina,
na kwenye orodha ndefu za wapimaji, mstari kwa mstari,
anaanza kuutafuta ule alioukosea kuusoma.