Hodi, Takwa

Njia ya kutoka mikokoni ni nyembamba.
Famau akachana tiketi kwa kucha,
akatuonyesha kwa kidevu:
ukuta, kisima, ukuta.

Mwanakombo alihesabu nyumba.
Mimi nilikwama kwenye moja.
Paa lilianguka zamani; paa wa miguu minne
walilala humo jana, wakaacha choroko zao sakafuni.
Mfereji wa choo bado unajua pa kuelekea.
Kidakani, nyigu wamejenga kwa udongo.

Nilivua ndara kizingitini.
Hakuna aliyeniambia.
Nikapiga hodi nikiwa nimeshaingia,
mwiba ukanijibu.

Famau alicheka: "Wengine hupita na buti."

Tulipotoka,
kaa alikuwa amekaa kwenye ndara ya kushoto,
gando juu,
kama mtu aliyeulizwa hati ya nyumba.