Za Ukutani

Ukuta wa Lechipya, pale Majengo,
ulibakiwa na shubiri mbili tu
kati ya mlango wa saluni na bomba la maji ya mvua,
mvua ambayo Dodoma huahidi kuliko kunyesha.
Akasema: hapo hapo niandikie
USHIRIKA WA WAVUNA ZABIBU HOMBOLO,
na aliye ng'ambo ya barabara asome
bila kukunja uso.

Nikapima. Nikacheka. Nikapima tena.
Kiswahili chetu hakijui ubahili:
kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati, mtendwa,
na bado kina nafasi ya kumpakia jirani.
Jaribu HAWAKUTUSHUGHULIKIA
kwa herufi nene zenye matumbo.
Utafika HAWAKUTU, ubao umekwisha.

Sikuzibana. Herufi iliyobanwa na kompyuta hujulikana:
shina limekonda, mabega yamebaki manene,
kama suruali iliyonywea kwa kufuliwa vibaya.
Nilizichora upya, zimesimama tangu kuzaliwa.
O ikaacha uduara, ikawa dirisha la behewa.
Zikapangana kama uwele wa Bahi mwaka wa neema,
shina kwa shina, na katikati
upepo ukipita kwa shida, lakini ukipita.
Huo upepo ndio kazi.
Wino mtu yeyote anamwaga.

W ilininyima usingizi siku nne.
Ina mistari minne, haitaki kukonda,
na sisi umati wetu wote huanzia kwake:
watu, wazee, wageni, wadaiwa.
Mwisho nikaishusha ncha ya kati hadi kiunoni.
Ikapumua.

Lechipya alilipa nusu kwa pesa, nusu kwa mvinyo.
Zikaenea. Magunia ya alizeti Kibaigwa,
bango la ndondi, ubavu wa tangi la maji Nkuhungu,
na jezi za vijana wa Chamwino,
ambako beki Mnyamagola alilipata jina lake lote
kati ya bega na bega.
Nikavimba kichwa.

Kisha duka la dawa, Kizota, wakazichukua,
wakazishusha hadi punje ya ulezi
kwenye bahasha za vidonge.
Bibi Sechelela akaniletea yake.
Akaisogeza, akaitenga na uso, akaigeuza juani.
"Mjukuu wangu, haya ni maneno au ni uzio?"
Kimoja, mara tatu kwa siku.
Yeye alimeza vitatu, mara moja.
Kizunguzungu kilimwisha jioni ile.
Changu mimi bado.

Nikageuza bahasha, nikaandika kwa mkono
mwandiko wangu wa darasa la pili,
a yenye kitambi, o kama chapati:

kimoja asubuhi
kimoja mchana
kimoja usiku

Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata.

Tangu hapo, kila ninayempa faili la herufi zangu
namwachia mstari mmoja:
hizi ni za mtu aliyesimama.
Aliyekaa, mtafutie nyingine.